Ruhusa ya Kubaki

Gwakisa alikataa kuingizwa kwenye gari la wagonjwa kabla hajauaga mtambo.

Alikuwa chali kwenye machela, uso umemvimba kwa sababu ya figo zilizogoma, mkewe Subilaga kamshika mkono, na dereva keshawasha gari. Lakini Lwangulu si mji wa kuondoka kimyakimya. Ukitoka nyumbani kwa mtu, unaaga. Ukienda kulala mji mwingine, unauaga mtambo wa kompyuta unaokufanyia kazi, na asiyeaga husemwa sokoni mpaka arudi. Basi Atupele, mtunza mtambo na mdogo wake Subilaga, alileta kibao cha kuingilia mpaka kwenye machela, akaunyanyua mkono wa shemeji yake uliojaa plasta na sindano, na kidole gumba kikagusa kioo.

"Nakwenda," Gwakisa aliuambia mtambo. "Ahsante kwa kunihifadhi." Kisha akamgeukia Atupele. "Shemeji, wakinipa figo ya mtu mchapakazi, utanikoma."

"Sisi tunaomba iwe ya mtu mwenye haya," Atupele alijibu. "Hizo zako zimekufa kwa kuona aibu."

Subilaga aliwaambia wanyamaze wote wawili. Milango ikafungwa, gari likashika barabara ya Mbeya, na Atupele akarudi ofisini akiamini kwamba kila kitu kimefanyika kwa heshima inayostahili.

*

Mtambo wa Lwangulu uliendeshwa na Linux, mfumo uliorithiwa kwa mababu, ambao kama lugha ulibadilika kila kizazi bila kuacha kuwa wenyewe. Kila mkazi alikuwa na jina ndani yake, na kila jina lilipewa chumba cha muda pale tu mwenyewe alipoingia. Chumba hicho hakikuwa kwenye diski. Kilijengwa katika kumbukumbu ya mtambo, ile inayofutika umeme ukikatika. Programu za mtu, zile zinazofanya kazi nyuma ya pazia bila kuonekana, ziliweka humo vitu vyake vya siku ile: faili dogo la kutangaza kwamba ipo kazini, kufuli la kuzuia pacha wake asianze kazi ileile, na kidirisha cha kuongea na wa nje. Hivyo si vitu vya kurithisha watoto. Ni moto wa mafiga. Una maana wakati mpishi yupo.

Mwenyewe tu ndiye aliyeweza kuingia chumbani mwake. Naye akiaga, programu zake zilisimamishwa na fagio la mtambo likafuta chumba chote, kona kwa kona.

Programu hizo hazikuwa na mamlaka yoyote juu ya mji. Hazikufungua mabomba ya mji, hazikuchungulia kwa jirani. Kila moja ilitumwa na mtu mmoja, ikatumika kwa jina la huyo mmoja. Aliyeweza kuvuka kuta hizo ni mwenye ufunguo mkuu, na ufunguo mkuu, kipande cheusi cha chuma kisichozidi ukucha, ulining'inia shingoni mwa Atupele.

Ilikuwepo ruhusa moja ya pekee, ruhusa ya kubaki. Aliyepewa, programu zake ziliendelea na kazi hata akiwa hayupo. Sheria ilitaka iombwe kwa kinywa cha mwenyewe, mbele ya mtunza mtambo. Si kwa barua, si kwa mke, si kwa mtoto. Gwakisa hakuwahi kuiomba. Tangu aoe hakuwa amelala nje ya Lwangulu hata mara moja, na mtu asiyeondoka haoni sababu ya kuomba kubaki.

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulishuka mpaka kwenye vizingiti vya milango. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Atupele alikuwa anapuliza chai yake alipoona mistari ya malalamiko ikipanda kwenye kioo, mmoja juu ya mwingine, yote ikisema jambo lilelile: tunabisha hodi, mlango haupo.

Vilivyokuwa vikibisha ni vikuku vya mkononi vya kuonya hewa mbaya.

Aliiweka chai chini. Vikuku vile vilitengenezwa na Gwakisa mwenyewe, akawagawia akina mama wanaofanya kazi kwenye vitalu, na kila mtu mjini alijua hivyo. Ila kila mtu mjini, Atupele akiwemo, alidhani kwamba akili ya vikuku imo katika ulinzi wa mji, ule wenye mamlaka na wenye jina kubwa. Atupele alikuta mambo yanakwenda siku alipokabidhiwa kazi, na mambo yakienda nani huuliza yanakwendaje? Sasa alifuata njia ya ile hodi hatua kwa hatua, na ikamfikisha kwenye chumba cha muda kilichofagiwa jana jioni. Ulinzi wa mji ulipima hewa ndani ya vitalu tu. Korongo lote la kupitia kwenda vitaluni lilikuwa mikononi mwa programu moja isiyo na cheo, iliyotumwa na fundi mmoja mwenye mdomo mchafu, na fundi huyo alikuwa ameaga kwa adabu zote.

Vitalu vya Lwangulu vilijengwa kwenye rafu ya mwamba ndani ya kreta ya kale. Ardhi pale hupumua hewa ukaa, na mboga huipenda hewa hiyo kama ndama anavyopenda titi. Ndiyo iliyoulisha mji. Lakini hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Asubuhi isiyo na upepo hutiririka bila rangi wala harufu, ikatuama korongoni kama maji kwenye beseni. Nalo korongo ndiyo njia pekee ya kuingia vitaluni na kutoka. Akina mama hupita alfajiri, kabla hewa haijatuama, na hushuka jua likichomoza ili wakanywe uji. Kikuku kilitetemeka penye hewa mbaya. Kikikaa kimya, unapita. Siku hiyo vilikuwa kimya kwa sababu hapakuwa na wa kuviambia neno.

Atupele alinyakua redio. Mama yake mzazi, Mama Subilaga, ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu.

"Mama, msishuke."

"Siku hizi mtu haamkii?" sauti ya mama ilijibu.

"Shikamoo mama. Msishuke."

"Marahaba. Tuna njaa, mwanangu, na Tumpe hapa keshatangulia kwenye ngazi na kopo lake la uji."

"Mrudishe. Vikuku vyenu havifanyi kazi tangu jana."

Atupele alimsikia mama yake akimwita Tumpe kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliijua toka utotoni, sauti isiyongoja kuulizwa kwa nini. Kisha mama akarudi, akaeleza alichofanya. Alifunga kibatari kwenye kamba, akakiteremsha taratibu kutoka ukingoni. Hakikufika mbali. Kilizimika kama kilichofinywa na vidole.

Baada ya muda alikiteremsha tena. Safari hii kilizimika juu zaidi.

*

Kikosi cha uokoaji cha Tukuyu kilikubali kuja mara moja, kisha kikapiga simu kwamba tope limefunika barabara. Mitungi ya oksijeni ya zahanati isingewatosha hata nusu ya akina mama, na aliyeibeba angelazimika kupapasa njia kwenye ukungu bila kujua mahali pa kukanyaga. Korongo halijai sawasawa. Lina vishimo vinavyoua na migongo inayopitika, hatua mbili tu kati ya kimoja na kingine, na vyote huhama kadiri hewa inavyotiririka. Vilivyoweza kusema pa kupita ni vile vipima alivyovizika Gwakisa kandokando ya njia, na vipima hivyo vilijibu jina la Gwakisa tu.

Atupele alimpigia dada yake. Subilaga alipokea akinong'ona. Mumewe alikuwa ameshalazwa usingizi wa dawa, madaktari wamekwisha kumfungua. Hakuna kinywa cha kuuliza. Aliposikia habari za mama hakulia. Alisema tu kwamba yeye ni mke, hana nywila ya mumewe wala hajawahi kuitaka, na hawezi kutoa kisicho chake. Halafu akasema, "Fanya utakalofanya, ila usilifanye kwa siri."

Ndiyo maana Atupele alimwita Mwenyekiti wa mji, Asajile.

Mzee huyo alifika na viatu vilivyojaa tope, akasikiliza akiwa amesimama. Wote wawili walijua kwa nini sheria ya kuomba kwa kinywa ilikuwepo, na Asajile ndiye aliyeiandika. Katika mwaka ambao mji uliuita wa Masalia, mtunza mabomba alifariki, na hakuna aliyefunga programu zake. Enzi hizo programu za mtu ziliruhusiwa kugusa mabomba, nazo ziliendelea kutumika kwa jina la marehemu, kwa utiifu uleule, zikifungua bomba la hewa ukaa kila alasiri kama alivyoziagiza akiwa hai. Siku moja bomba hilo lilikuwa limeunganishwa upya kuelekea nyumba za chini. Asajile alipoteza mke na binti mmoja. Hakuna aliyeshtakiwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametenda.

"Programu isiyo na mwenyewe haina wa kuiambia basi," Asajile alisema. "Niliapa haitatokea tena."

Atupele alimweleza njia zilizokuwepo. Angeweza kuvaa jina la Gwakisa, aingie kama yeye, aiwashe programu kwa mkono wake. Hilo lingemfikisha kwenye barua za mtu, picha zake, maombi yake. Na mtunza mtambo anayevaa jina la mtu leo, kesho atavaa la mwingine. Angeweza kuiendesha programu hiyo kwa ufunguo mkuu. Lakini Gwakisa aliijua kazi yake: programu yake kabla ya yote ilikagua kama chumba ni cha mwenyewe na kimefungwa kwa wengine wote, na ikikuta sivyo iligoma. Isitoshe, kuipa programu usiyoijua mamlaka ya mji mzima ni kumkabidhi mgeni panga na mtoto kwa pamoja.

Ilibaki njia ya tatu. Ampe Gwakisa ruhusa ya kubaki bila Gwakisa kuiomba. Mtambo ungejenga chumba kipya kwa jina lake, ukifunge, umkabidhi, kisha programu zake zianze zenyewe kwa utaratibu aliouacha. Atupele angefungua kutoka nje. Asingeingia, asingesoma hata neno.

"Ila hakukubali," Asajile alisema.

"Hakukubali."

"Leo unafungua kwa ajili ya mama yako. Kesho mtunza mtambo mwingine atafungua kwa ajili ya wivu, naye atasema Atupele alianza." Akaketi hatimaye. "Niambie kweli, mwanangu. Mama yako asingekuwemo mle, ungefanya?"

Kwenye redio mama yake alikuwa akiwahesabia wenzake nyimbo za kuimba ili wasisikie hofu, akimtania Tumpe kwamba sauti yake peke yake inaweza kufukuza hewa ukaa.

"Sijui, baba," Atupele alisema. "Ningependa kuamini ningefanya. Lakini yumo, na siwezi kujifanya simsikii. Nitafungua, na wewe utakuwa shahidi. Sheria inasema mtunza mtambo anayefungua bila kuombwa anavuliwa ufunguo. Nikimaliza, nivue. Sitaki nisamehewe, nataka iandikwe kuwa ilivunjwa, ili wa kesho aone bei yake."

Asajile alisogeza kiti chake mpaka karibu na kioo, mahali ambapo shahidi huona vizuri.

*

Ilikuwa amri fupi kuliko salamu. Mtambo ulijenga chumba, ukakipa jina la Gwakisa, ukakifunga. Atupele aliketi nje ya mlango huo kama mkwe aliyengoja kukaribishwa, mikono mapajani, asiruhusu macho yake yatafute ufa.

Kilichomtia hofu ni kufuli. Programu ikikatwa ghafla mara nyingi huacha kufuli lake nyuma, na ikirudi hulikuta, hudhani kuna pacha wake kazini, ikajiondokea kwa heshima. Lakini chumba hiki kilikuwa kimefagiwa jana, na kufuli likaenda na takataka nyingine. Programu ilikuta sakafu safi. Fagio lililowaponza akina mama ndilo sasa lililowafungulia njia.

Malalamiko ya vikuku yakakatika katikati ya mstari.

"Atupele," mama yake alisema redioni, taratibu. "Kimenitetemekea."

Walishuka kwa mstari mmoja, kila mmoja kashika kanga ya aliye mbele, Mama Subilaga akitangulia. Hakuona miguu yake mwenyewe. Alisogeza mkono kushoto, kikuku kikatetemeka, akausogeza kulia, kikatulia, akakanyaga kulia. Alisimulia yote hayo redioni kwa sauti ya mtu anayechambua mchele. Mahali pamoja vikuku vyote vilitetemeka pande zote, na mstari ukasimama. Ofisini Asajile alikuwa amefumba macho, midomo yake ikitamka majina mawili ambayo Atupele aliyajua kutoka kwenye mawe ya makaburini. Kisha upepo mdogo ukapita juu ya kreta, ukungu ukasogea kama shuka lililovutwa, na kikuku cha mbele kikatulia.

Tumpe ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka, kopo lake la uji bado mkononi, tupu.

Wanawake wale hawakukimbilia nyumbani. Walikaa kwenye nyasi zenye umande wakavuta hewa, wakatazamana, wakaanza kusema ndaga, ndaga fijo, kwa Kinyakyusa cha bibi zao, wasijue wanamshukuru nani hasa: Mungu, upepo, Atupele, au jamaa aliyekuwa amelala Mbeya tumbo wazi.

Ofisini Asajile alinyoosha kiganja. Atupele alivua kamba shingoni, akauweka ufunguo humo. Mzee aliufumba mkono, na kwa mkono mwingine akamshika Atupele kichwani kama mzazi anayebariki. "Nimekuvua," alisema. "Na ninakushukuru. Yote mawili yaandikwe."

*

Gwakisa alizinduka, akapata nguvu ya kushika simu, akasimuliwa. Kwanza alimkemea Atupele kwa kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa.

Atupele alimwomba radhi. Alimwambia kwamba hakuingia chumbani mwake, ila alikifungua bila idhini, na kwamba akitaka kifungwe sasa hivi kitafungwa.

"Mama mkwe yuko hai?" Gwakisa aliuliza.

"Yuko hai. Amekula, amelala, ameamka, anawatukana kuku."

"Basi nimekubali toka jana. Andikeni hivyo."

"Huwezi kukubali kwa nyuma, shemeji. Sheria haina mlango wa huko."

"Basi nakubali kuanzia leo, kwa kinywa changu, mbele ya nesi huyu anayeniangalia vibaya." Akapumzika kidogo. "Sikuwaambia kwa sababu mngenifanya mkubwa. Nilikuwa navisikiliza vile vipima kila asubuhi nikinywa chai, nikijua mnapita salama. Ilikuwa raha yangu, Atupele. Mimi ndiye niliyepaswa kushukuru."

Atupele alimweleza habari nyingine. Halmashauri ilitaka kuichukua programu ile, iipe mamlaka ya mji, iitwe Mlinzi Mkuu, na yeye Gwakisa atunukiwe mbele ya watu. Gwakisa alicheka mpaka mshono ukamuuma.

"Waambie hivi. Shukrani nitazipokea hadharani, hata kwa ngoma. Mamlaka hapana. Programu hiyo ni nzuri kwa kuwa haiwezi kitu zaidi ya kusikiliza na kuonya. Ipeni ufunguo mkuu, na siku ikikosea itakosea mji mzima. Kama mnaiogopea upweke, ipeni wenzake."

*

Siku ya Jumapili baada ya ibada, akina mama wa vitalu walipanga foleni mbele ya ofisi ya mtambo, wamevaa vitenge vya sherehe. Gwakisa alikuwa amewatumia programu yake kutoka kitandani, pamoja na idhini ya vipima vyake kujibu majina yao. Kila mmoja angekuwa na nakala yake, katika chumba chake cha muda, kwa jina lake, isiyo na mamlaka juu ya mtu. Programu ya mmoja ikikwama, za wengine zingeendelea kusikiliza korongo. Mmoja akifa, fagio lingepita kwake tu.

Ufunguo mkuu ulikuwa shingoni mwa Asajile mpaka mtunza mtambo mwingine apatikane. Alivaa miwani, akamuuliza kila mmoja swali lilelile, polepole, kama mfungisha ndoa: je, ni kwa hiari yako kwamba kazi yako ibaki hata wewe usipokuwepo? Mama Subilaga alijibu kwamba hata maneno yake hubaki asipokuwepo, waulizeni wakwe zake. Foleni nzima ikacheka. Tumpe alijibu huku analia.

Atupele alikuwa mwishoni mwa foleni, naye akiomba nakala yake. Hakuwa na ufunguo, wala cheo, wala kiti nyuma ya kioo. Alikuwa na jina lake tu, kama mtu mwingine yeyote. Zamu yake ilipofika Asajile alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akamuuliza.

"Ni kwa hiari yangu," Atupele alisema. "Ibaki."